Kengele Anapimwa Akili

Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, walisema wahenga. Kwa kuwa hawakusema lolote kuhusu farasi watatu, idara ya saikolojia iliona njia nyeupe. Likizo ndefu ya miezi ya joto ilipofika, wanafunzi wa mwaka wa pili waliletewa mpango mpya. Asubuhi mwanafunzi angemlea mzee nyumbani kwake. Mchana angemhoji mzee huyohuyo kwa ajili ya utafiti wa Daktari kuhusu kumbukumbu na hali ya moyo uzeeni. Jioni angeandika insha ya kozi ya Upimaji wa Akili kwa kutumia yaleyale aliyoyaona tangu asubuhi. Daktari, ambaye ndiye aliyeongoza utafiti na kufundisha kozi, aliuita mpango huo muunganiko. Wanafunzi waliuita majina mengine.

Kati yao alikuwemo binti aliyeitwa Takwimu. Jina hilo alipewa na wenzake baada ya kufeli somo la takwimu, akalirudia, akalifaulu kwa hasira, kisha akaanza kuwafundisha waliolifaulu mara ya kwanza. Ndivyo alivyokuwa: akijikwaa kwenye jiwe, hurudi kulipiga teke.

Alipangiwa nyumba yenye veranda pana na lango la chuma, nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu. Bibi huyo alikuwa amepata kiharusi chepesi. Mkono wa kushoto ulilegea, na kumbukumbu, kwa maelezo ya mwanawe, "siku hizi inaingia na kutoka kama mpangaji msumbufu." Mwanawe alikuwa dalali wa nyumba na mifano yake yote ilitoka kazini. Wanafunzi wa zamani wa bibi huyo, wengine sasa wana vitambi na wajukuu, bado walimwita Kengele, ila walimwita hivyo wakiwa mbali naye.

Takwimu alilijua jina hilo kabla hajajua kusoma. Mama yake alikuwa mwalimu kijana katika shule ya Kengele. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza na wa pekee, ambaye ndiye Takwimu, alirudi kazini akiwa na giza kichwani. Alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi mpaka kipindi kikaisha, ubao ukiwa mweusi vilevile. Leo hali hiyo inaitwa sonona ya baada ya kujifungua, na kozi ya mwaka wa kwanza imeitengea mhadhara mzima wenye michoro. Enzi zile haikuwa na mhadhara. Ilikuwa na mkusanyiko wa asubuhi.

Kengele alimwita mbele ya shule nzima.

"Mwalimu," akamuuliza, "leo ni siku gani?"

Kimya.

"Mtoto wako anaitwa nani?"

Kimya. Mama husema jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa ng'ambo ya mto na yeye hakuwa na daraja.

"Mnaona?" Kengele akawaambia watoto. "Ndiyo maana nawaambia mlale mapema."

Watoto walicheka, kwa kuwa mwalimu mkuu akifanya mzaha, kutocheka ni utovu wa nidhamu. Mama alitoka nje ya geti na hakufundisha tena. Giza lilimtoka polepole, akajifunza ushonaji, akawa fundi wa kutegemewa. Lakini mitaa haisahau kitu kinachochekesha. Kwa miaka mingi kila alipopita, mtoto mmoja nyuma ya ukuta angepaza sauti, "Leo siku gaaani?" kisha nyayo zikakimbia. Watoto hao walikua, wakazaa, na wengine wakawarithisha wanao.

Kwa hiyo Takwimu alipoona kapangiwa wapi, angeweza kukataa. Karatasi ya idara ilikuwa na sehemu ya kueleza kama mwanafunzi ana uhusiano wowote na familia husika. Aliiacha tupu na safi kabisa.

"Umepangiwa kwa nani?" mama aliuliza, miguu ikiwa kwenye kanyagio la cherehani.

Takwimu akamwambia. Cherehani ikanyamaza.

"Utamwogesha?"

"Nitamwogesha, nitamvisha, nitamlisha. Ndiyo kazi yenyewe."

"Haya," mama akasema, akaanza tena kukanyaga. "Maji yasiwe moto sana. Watu wasije wakasema tumeanza sisi."

Kazi yenyewe ilikuwa kazi. Kila asubuhi Takwimu alisema, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikiwa "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayepokea kilicho chake. Wengi hutoa salamu hiyo na kupita. Takwimu aliitoa, kisha akapiga magoti na beseni, akaisugua miguu yenyewe kwa sabuni, kidole kwa kidole. Alimpitisha mkono ule mlegevu kwanza kwenye nguo, kama kitabu cha kozi kinavyoelekeza, kisha ule mzima. Alimsindikiza na gongo la miguu minne hadi veranda. Baada ya chakula cha mchana alimpa kidonge ambacho, licha ya mema yake mengine, kilimfanya bibi awe kama taa iliyofifia hadi jioni.

Shukrani zilikuwa za aina yake.

"Unanikausha kama unayefuta ubao."

"Samahani, Mwalimu."

"Na hiyo shuka, nani kakufundisha kukunja? Mama yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Inaonekana."

Jioni mama alidai ripoti kabla binti hajavua viatu.

"Leo ulimfanya nini?"

"Nilimkata kucha."

"Kwa mkasi gani?"

"Mkasi wa kucha, mama!"

"Mm." Mama akakata uzi kwa meno. "Amelia?"

"Kwa nini alie? Kucha haziumi."

"Basi hukukata vizuri."

Majuma yalikwenda hivyo. Huenda likizo nzima ingeishia kwenye kuchokozana huku, kama Kengele asingepatwa na ukunjufu asubuhi moja. Takwimu alikuwa anamchana nywele. Bibi alikuwa amelala vizuri, chai ilikuwa imempendeza, na akataka kumfurahisha mlezi wake kwa kisa.

"Wewe si unasomea vichaa?"

"Nasomea saikolojia, Mwalimu."

"Hayohayo. Basi mimi nilikuwa na mwehu shuleni kwangu, tena mwalimu. Anasimama darasani kama mlingoti. Nyinyi leo mngemhoji mwaka mzima na kumwandikia kitabu. Mimi nilimuuliza maswali mawili tu, mbele ya watoto, akajitoa mwenyewe." Akacheka, mabega yakacheza chini ya kitana. "Hata barua ya kumfukuza sikuandika."

Takwimu aliendelea kuchana. Kitana kilipita kulekule kilikopita mwanzo.

"Aliishia wapi, Mwalimu?"

"Nani?"

"Huyo mwalimu."

"Ah, mimi nijue? Watu kama hao huishia popote."

Alasiri ile Daktari alipita kugawa dodoso kuu la utafiti, jaribio la kupima kama mzee bado anazo akili za kujitawala. Takwimu alilifungua akiwa amesimama jikoni. Swali la kwanza liliandikwa kwa herufi nene: *Leo ni siku gani ya juma?* La pili liliuliza majina ya watoto wa mhojiwa. Sayansi ilikuwa imechukua miaka yote hiyo na wataalamu wengi, ikafika palepale alipokuwa amesimama Kengele na filimbi yake shingoni.

Jaribio hilo halikuwa la kuandikia insha tu. Dalali alikuwa ameshazungumza na Daktari na wamekubaliana, kwa maandishi na saini ya Kengele mwenyewe. Akipata chini ya nusu, atahamishiwa nyumba ya wazee nje ya mji. Akipata nusu au zaidi, atabaki kwake na mjadala utafungwa. Kengele alitia saini kwa dharau.

"Nipimwe mimi? Na nani?"

"Na mlezi wako, mama. Ndiye aliyefunzwa."

"Huyu? Asiyejua kukunja shuka?" Akageuka kumtazama mwanawe vizuri. "Nisikilize. Katika nyumba hii mimi nitatoka nimelala, nimebebwa. Nikitolewa nikiwa nimekaa kwenye gari, ujue umenizika na macho yangu yakiona."

Takwimu alisikia maneno hayo akiwa na trei mikononi. Alijua sasa kisasi chake kiko wapi na kina ukubwa gani.

Uzuri wa mpango wake ni kwamba haukuvunja kanuni hata moja. Mwongozo ulisema mpimaji achague saa inayofaa. Yeye alichagua alasiri, baada ya kidonge. Mwongozo ulisema familia inaweza kuhudhuria ikiomba. Yeye alimshauri dalali aombe. Mwongozo ulisema swali lisomwe kama lilivyo, lirudiwe mara moja tu, na asiyejibu apewe sifuri. Ulisema pia mtu mwingine akijibu badala ya mhojiwa, jaribio limekufa, na lisirudiwe mpaka wiki sita zipite, mzee asije akakariri. Kipengele hicho Takwimu alikisoma haraka haraka. Nani angemjibia Kengele?

Kulibaki kiti kimoja cha watazamaji, naye alijua cha nani. Nyumba ya wazee ilitaka kila nguo ya mkazi ishonewe kitambaa chenye jina na namba ya chumba, zisipotelee kwenye kufuliwa. Dalali, aliyekuwa na matumaini, alitaka nguo ziwe tayari mapema.

"Namjua fundi mmoja," Takwimu akamwambia. "Ana mkono mzuri."

Mama alishona vile vitambaa kwa mishono midogo sana, nguo baada ya nguo, mpaka soksi. Alipomaliza alizikunja zote kwa namna ile ambayo Kengele hakuipenda.

"Uzilete Jumatano, baada ya chakula," binti akamwambia. "Simama mlangoni tu. Nitamuuliza mbele yako. Yaleyale, kwa mpangilio uleule."

"Mtenda akitendewa hudhani kaonewa," mama akasema, na haikujulikana kama anasifu au anaonya.

Jumatano ilikuwa na joto la kukausha samaki. Kengele aliwekwa kwenye kiti chake sebuleni, kidonge kimeshaanza kazi, kope zikishuka kama mapazia ya duka linalofungwa. Dalali alikaa kwenye kochi, simu imelala gotini. Mama alisimama mlangoni na mzigo wa nguo mikononi. Kengele hakuinua macho. Mafundi hawatazamwi.

Takwimu alikaa mbele yake, akanyoosha mgongo.

"Mwalimu, nitakuuliza maswali machache. Ujibu kadiri unavyoweza."

"Mm."

"Leo ni siku gani ya juma?"

Feni ilizunguka. Bibi alifumbua mdomo, akaufumba. Ilionekana jibu lilikuwa mahali fulani, akilifuata, nalo likimkimbia. Akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama simu.

"Jibu tu, mama," dalali akasema kwa upole wa kutisha. "Si swali gumu."

Mkono ule mzima ulianza kuukunja ukingo wa kitenge na kuukunjua. Kwenye uso ule, ambao kizazi kizima cha watoto hakikuwahi kuona lolote ndani yake, palipita hofu. Takwimu aliiona. Alikuwa ameisubiri tangu utotoni na haikumwangusha, ilikuwa tamu kama alivyodhani. Akaacha ukimya ukae. Kisha akarudia, taratibu, kama kanuni inavyoruhusu:

"Leo ni siku gani ya juma?"

"Jumatano," ilisema sauti mlangoni.

Wote waligeuka. Mama alikuwa amenyooka wima, mzigo wa nguo kifuani.

"Fundi!" dalali akaruka. "Si umwache ajibu mwenyewe!"

"Sikumjibia yeye," mama akasema. "Nilikuwa najibu langu. Niliulizwa zamani, nikachelewa." "Na mtoto wangu ni huyu hapa."

Hapo ndipo Kengele alipomtazama fundi. Ilichukua muda, kope zikipambana na kidonge. Kisha zikafunguka kabisa.

"Wewe," akasema.

"Mimi."

Takwimu aliweka kalamu chini. Jaribio lilikuwa limekufa, kwa kanuni ileile aliyoipitia haraka haraka.

Njiani hakumsubiri mama yake. Alitembea mbele, na mama akamfuata bila haraka, kama mtu anayetoka sokoni. Walipofika nyumbani mlango ulipokea hasira yote.

"Umeniharibia! Wiki nzima napanga! Alikuwa ameshanyamaza, mama! Alikuwa amenyamaza kama wewe!"

"Niliona."

"Sasa kwa nini?"

Mama alivuta kiti, akakaa, akavua viatu kimoja kimoja.

"Mngemwandikia kwamba hana akili. Sivyo?"

"Ndiyo!"

"Halafu apelekwe huko nje ya mji, akaimbishwe na kulishwa uji. Mimi nimlipizie nani? Mwehu hajui kama amelipiziwa. Unamkata, anakushukuru." Akaegemeza viatu ukutani. "Mimi namtaka na akili zake zote. Usiniingilie tena kwenye jambo hili. Wewe ulikuwa mchanga bado; lilinipata mimi."

Kesho yake asubuhi mama alifungua lango la chuma mwenyewe, akapanda veranda, akasimama mbele ya kiti cha Kengele. Hakusema shikamoo. Alisema, "Hujambo," kama anavyosalimiwa mtoto aliyetumwa dukani.

"Mimi unaniambia hujambo?"

"Leo ni siku gani?"

"Toka nyumbani kwangu!"

"Hujui."

"Alhamisi! Alhamisi, mjinga wewe!"

"Vizuri," mama akasema, akaondoka.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi. Maswali yaliongezeka: ni mwezi gani, jana ulikula nini, taja majina ya waliofundisha kwako, mmoja mmoja. Kengele alijibu kwa matusi, lakini ndani ya matusi majibu yalikuwa sahihi. Akaagiza kalenda itundikwe karibu na kitanda. Akamtaka Takwimu amsomee gazeti, kisha akamnyang'anya akalisoma mwenyewe, maana msomaji alikuwa anameza herufi. Kuhusu kidonge, alimpigia simu daktari wake wa hospitali na kubishana naye mpaka kikahamishiwa usiku. "Nina mtu asubuhi," alimweleza, "na mchana lazima nijiandae." Kabla ya fundi kufika, alidai kuvishwa gauni la kutokea.

Takwimu, akiwa shahidi, aliandika insha yake kwa uaminifu. Aliandika kwamba mhojiwa ameimarika kumbukumbu, usingizi na hamu ya kula, na kwamba chanzo, kwa kadiri alivyoona, ni kinyongo cha kila siku kinachotolewa kwa saa maalumu. Daktari alifurahishwa sana na matokeo. Neno "kinyongo" alilikata kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "msisimko wa kijamii". Insha ikapata alama ya juu kabisa.

Wiki sita zilipotimia Daktari alikuja kupima mwenyewe. Kengele alijibu kabla maswali hayajaisha, akasahihisha mawili yaliyoandikwa vibaya, na alipoambiwa ahesabu kurudi nyuma aliuliza aishie wapi. Daktari akatia saini na muhuri: ana akili timamu, anajitawala. Dalali aliutazama ule muhuri kama mteja aliyeambiwa nyumba imeshauzwa, akambusu mama yake shavuni, akaenda zake.

Takwimu alipeleka habari nyumbani mbio.

"Amefaulu?" mama akauliza.

"Amefaulu. Chuo kizima kimethibitisha."

"Haya," mama akasema. "Sasa ndiyo naweza kumuuliza."

Asubuhi iliyofuata hakuuliza siku wala mwezi. Kengele alikuwa ameshakaa tayari, gauni limenyooshwa, kidevu juu, majibu yamejipanga mdomoni kama watoto wa paredi.

"Siku ile," mama akasema, "mbele ya wale watoto. Mimi sikuwa na akili zangu, hilo linajulikana. Wewe je? Ulikuwa nazo?"

Bibi alifumbua mdomo upesi, kwa mazoea, na mdomo ukabaki wazi. Aliona shimo kila upande. Angeweza kusema amesahau, lakini jana tu alikuwa amepewa cheti kwamba hasahau. Kikapita kimya kirefu kuliko kile cha Jumatano. Takwimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti akiwa na taulo.

"Nilikuwa nazo," Kengele akasema mwishowe. Sauti ilitoka ndogo. "Nilikuwa nazo zote. Nilijua unaumwa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakulia wala hakutabasamu. Aliuchukua mkoba wake, akashuka ngazi za veranda, akalirudisha lango taratibu mpaka komeo likaingia.

Kesho yake Kengele aliamka mapema, akaoga, akataka gauni la kutokea. Alikaa akitazama lango mpaka jua likafika miguuni pake. Keshokutwa vilevile. Siku ya tatu alimuuliza Takwimu, bila kumtazama, mama yake ana nini.

Jioni binti alipeleka ujumbe. "Mama, anakuulizia. Anakaa tu pale, chai inapoa. Nadhani anakusubiri."

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja limefumbwa.

"Mwambie nina kazi," akasema.